Kabla ya Kukata Mti, Inua Macho

Kwaresima ikifika, na Ulaya ikianza kutoka kwenye baridi, Nairobi huwa tunaaga wageni. Mbayuwayu wanarudi kaskazini kuzaa, na kufikia Aprili keremkerem wanapita makundi kwa makundi juu ya jiji. Mbayuwayu ana gramu 20 hivi, na anavuka Sahara!

Bwana Yesu aliwaagiza wanafunzi wake wawatazame ndege. Sisi tunahubiri ile sehemu ya kutohangaika tu. Ya kutazama tunairuka. Wapo waumini wanaoona kutembea City Park au Karura na darubini ni anasa ya wazungu. Kwetu tunaosoma falsafa ni zoezi zuri: unanyamaza, unakiacha kitu kijionyeshe kabla hujakipa jina.

Lakini watue wapi? Parokia za mjini zinakata migunga ili kuongeza maegesho na kutandaza kabro, huku jumuiya ndogondogo zikisomeshwa Laudato Si'. Kuna ndege wadogo wanaotoka hadi Siberia ambao hula wadudu kwenye migunga hiyo kabla ya safari. Kwenye kabro hakuna mdudu. Na maegesho yenyewe hujaa Jumapili tu. Kamati ya ujenzi ikikutana, mlei mmoja aulize kuhusu miti kabla ramani haijapitishwa.