Sanduku la Wamama

Siku hizi neno moja linazunguka katika parokia zetu za Lubumbashi, nalo latusikitisha. Wazee fulani wa komite wanasema: chama cha wamama kinakutana uwanjani pa parokia, chini ya kivuli cha kanisa, kwa hiyo feza yake ni feza ya parokia. Mahali pamoja, ambapo hatutapataja, wazee walifungua sanduku la wamama, wakamlipa fundi wa mabati, na wenye sanduku wakapata habari baadaye. Walipouliza, walijibiwa kwamba wamemtolea Mungu. Sisi makatekista twasema wazi: hawakumtolea Mungu, walinyang'anywa.

Tena wazee hao huongeza ya kuwa chama cha wamama ni kitu cha Wazungu, kimebaki kama ganda baada ya wenyewe kuondoka. Hapo historia imewapita.

Mji wa Elisabethville ulianza mwaka wa 1910, na kwa miaka mingi ulikuwa mji wa wanaume. Union Minière ilileta wafanya kazi kutoka mbali kwa mkataba wa miezi tu, na wengi walikufa au kutoroka. Karibu na mwaka wa 1928 kampani ilibadili shauri, ikataka mtu akae kambini miaka mingi pamoja na bibi yake na watoto wake. Haikuwa kwa upendo tu: mtu anayekaa huzoea mashini, na kumtafuta mwingine ni gharama. Hivi ndivyo mama alivyoingia kambini, akihesabiwa pamoja na posho. Kisha zilikuja nyumba za kushonea, na baada ya vita ya 1940 zile Foyer Social katika miji ya Kongo na ya Ruanda-Urundi. Masista na mabibi wa Kizungu walifundisha kushona, kufuma, kupika, kupiga pasi, kumwogesha mtoto na kumpima. Walizunguka pia katika nyumba kutazama usafi.

Hatuitukani kazi ile. Watoto waliopona kwa sababu ya maji yaliyochemshwa wamekuwa mababu zetu. Lakini tuseme kweli yote: wakati kijana alipojifunza Kilatini na Kifaransa katika seminari, dada yake alifundishwa kupiga pasi shati la kijana huyo. Mpango wa masomo wa 1948 ulimwelekeza msichana kwenye jiko na sindano kuliko kitabu. Ndiyo maana ilitupasa kungoja hata mwaka wa 1964, miaka minne baada ya uhuru, ndipo Sophie Kanza alipomaliza universite, wa kwanza kati ya wanawake wa Kongo. Mwaka wa 1966 akawa waziri.

Basi, huo ndio upande wa Wazungu. Na likelemba je? Ni sista gani aliyeifundisha? Wamama kumi wanakutana, kila mmoja anatoa sehemu ileile, yote anapewa mmoja. Juma lijalo, mwingine. Hata zamu ifike mwisho. Hakuna karatasi ya banki, ushuhuda ni macho ya wenzake. Huko Léopoldville, tangu zamani za Wabelgiji, wamama waliunda moziki zao, wakavaa kitambaa kimoja, wakasaidiana katika kilio na katika uzazi. Kwa maoni yetu, chama tunachokiona leo kimezaliwa na vyote viwili: sindano ilitoka Foyer, lakini sanduku lilitoka kwa wamama wenyewe.

Na sanduku hilo limepita katika moto. Desemba 1979 serikali ilifuta noti za zaire tano na za zaire kumi, watu wakapewa siku chache tu za kuzibadili. Mwaka wa 1991 Bindo ilianguka, na wanaume wa Kinshasa, tena wenye kravati, wakalilia feza waliyoahidiwa kuzaa mara nyingi. Oktoba 1993 zaire milioni tatu za zamani zikawa zaire moja mpya. Mama aliyekuwa amegeuza zamu yake kuwa vitenge na sufuria alicheka kidogo. Vitenge havifutwi na amri ya serikali. Kisha Gécamines ikashindwa kulipa mishahara, na mwaka wa 2003 na wa 2004 wafanya kazi zaidi ya 10,000 wakaondolewa kwa jina la kuondoka kwa hiari. Nani alilisha nyumba Likasi na Kolwezi? Waulizeni wauza unga na makala. Wazee wetu wengine walikula ugali wa likelemba, na leo wanaiita upuuzi.

Wanatujibu kwamba wamama wanasengenya, tena wanakopa ili kununua kitenge cha sikukuu. La kwanza hatulijibu, maana tumekaa katika mikutano ya wanaume. La pili ni kweli, nasi halitupendezi: mama asiye na unga asilazimishwe kununua kitambaa. Lakini kosa hilo lisahihishwe na wamama katika mkutano wao. Deni la kitenge halimpi mzee ruhusa ya kushika ufunguo.

Tufungue sasa sheria ya Eklezya ya mwaka wa 1983. Kanuni ya 215 inawapa waamini wote uhuru wa kuunda vyama vya mapendo. Kanuni ya 325 inakiachia chama cha binafsi mali yake, na mkubwa wa Eklezya anaangalia tu kwamba inatumika kwa kusudi lake. Kanuni ya 1267 yakataza kupeleka kwingine sadaka iliyotolewa kwa kusudi fulani. Feza ya wagonjwa na ya vilio haiwezi kuwa mabati. Hata serikali, iliyomdai mke ruhusa ya mumewe katika sheria ya jamaa ya 1987, iliiondoa amri hiyo tarehe 15 Julai 2016.

Tena, Luka katika sura ya nane anawataja Yoana, Susana na wengine waliomhudumia Bwana kwa mali yao wenyewe. Hatusomi popote kwamba Mitume waliwadai ufunguo. Na yule aliyeshika mfuko wa Mitume, mnajua alikuwa nani.

Basi, sanduku lirudishwe, pamoja na feza yote iliyotolewa. Liwe na kufuli tatu, na funguo tatu kwa wamama watatu wa nyumba mbalimbali, kama vyama vingi vya akiba vinavyofanya. Parokia ikihitaji mabati, itume mtu siku ya mkutano, akae kwenye benchi kama wakopaji wengine, aandikwe jina, na aseme siku ya kulipa.