Makaburi ya Nakuru ni daftari la wenyeji

Tangu Nakuru ipandishwe hadhi na kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, mazungumzo mengi yamehusu barabara, masoko, maji na nyumba. Hayo ni mahitaji ya walio hai, na ni haki yao. Hata hivyo, kila jiji lina wakazi wengine wasiohama, wasiolipa kodi wala kupiga kura, nao ni wale waliolala makaburini. Nathubutu kusema kwamba jinsi tunavyowatunza hao inahusiana moja kwa moja na swali ambalo limelisumbua Bonde la Ufa kwa zaidi ya miaka 30: ni nani mwenyeji hapa, na ni nani mgeni?

Tuanze na ushahidi ulio mkongwe zaidi. Mnamo mwaka 1937 na 1938, Mary Leakey alichimbua makaburi ya kale katika kilima cha Hyrax, pembeni mwa mji. Mwaka 1938, yeye na mumewe Louis walichimbua pango la Mto Njoro, wakakuta mabaki ya watu wapatao 80 waliochomwa moto kwa heshima, kila mmoja akiwa na bakuli lake la jiwe. Watu hao waliishi yapata miaka 3,000 iliyopita. Hakuna kabila la leo linaloweza kuwadai kuwa ni wake peke yake. Basi anayepiga kifua na kusema kwamba jamii yake ndiyo iliyotangulia kukanyaga ardhi hii, na aende Njoro kwanza.

Mji wenyewe ni mtoto wa reli. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, na mji ukatangazwa rasmi mwaka 1904. Pamoja na stesheni yakaja maduka ya Wahindi, mashamba ya walowezi, makanisa na, bila shaka, makaburi. Kama ilivyokuwa desturi ya miji ya kikoloni, wafu nao walitengwa kwa rangi na kwa dini. Mzungu alizikwa chini ya jiwe lililochongwa jina lake na miaka yake. Kibarua wa shambani, ambaye jasho lake ndilo lililokuza ngano na pareto, alipata msalaba wa mti, na mti huliwa na mchwa. Kwa hiyo anayesoma historia ya mji kwa kutazama mawe yaliyosimama pekee atadhani kwamba Nakuru ilijengwa na watu wachache wenye majina ya Kiingereza.

Baada ya uhuru utengano huo uliondoka, lakini ukaja mwingine ambao hatuuzungumzii sana. Mkenya aliye na shamba husafirishwa akazikwe kwa wazee wake. Kesi ya wakili S. M. Otieno, ambaye hatimaye alizikwa Nyalgunga mwezi Mei mwaka 1987 baada ya miezi mitano ya mabishano mahakamani, ilitufunza jinsi fikra hiyo ilivyo na nguvu: nyumba ni ya mjini, bali nyumbani ni mashambani. Matokeo yake ni kwamba wengi wanaozikwa katika makaburi ya mji ni wale wasio na kwingine: wajukuu wa vibarua wa mashamba ya walowezi, waliofukuzwa makwao wakati wa ghasia, maskini wa mitaa ya mabanda, na maiti ambazo hazikudaiwa na mtu. Hao ndio watu wa Nakuru kwa maana kamili ya neno, kwa kuwa hawana mji mwingine. Kinaya ni kwamba ndio tunaowasahau upesi zaidi.

Usahaulifu huo una gharama. Molo mwaka 1992, Njoro mwaka 1998, na Nakuru na Naivasha mwezi Januari mwaka 2008, watu waliuawa kwa kuitwa wageni. Huko Naivasha watu 19 waliteketezwa ndani ya nyumba moja. Katika ugomvi wa ardhi, kaburi la babu huwa hati inayoheshimika kuliko karatasi ya ofisini. Kaburi likipotea, mjukuu hupoteza shahidi.

Yamkini msomaji atanipinga kwamba hoja hii ni upanga unaokata kuwili. Ni kweli. Wamaasai waliohamishwa kutoka bondeni kwa mkataba wa mwaka 1904 hawakuwa na desturi ya kuchimba makaburi, isipokuwa kwa wazee mashuhuri. Tukisema kwamba asiye na kaburi hana haki, tutakuwa tumewadhulumu mara ya pili. Ninachosema ni kwamba kaburi huthibitisha kuwapo kwa mtu, ilhali kukosekana kwake hakuthibitishi kwamba hakuwapo. Mwalimu wa historia ana wajibu wa kuitia tofauti hiyo katika vichwa vya wanafunzi wake.

Kwamba kumbukumbu za wafu zinaweza kutunzwa, tunalo thibitisho hapa hapa. Makaburi ya vita ya Gilgil yana zaidi ya askari 200 wa Vita Vikuu vya Pili, na daftari la majina hutunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Lakini tume hiyo hiyo ilikiri mwaka 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa kwa sababu ya Vita Vikuu vya Kwanza, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina. Sababu kubwa haikuwa ukosefu wa fedha. Kuna waliohesabiwa kuwa hawastahili kuandikwa.

Sisi tusirudie dhambi hiyo kwa mikono yetu. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, iliikabidhi serikali ya kaunti jukumu la makaburi. Makanisa nayo yana hazina ambayo haijatumiwa. Dayosisi ya Kianglikana ya Nakuru ilianzishwa mwaka 1961, na jimbo la Kikatoliki mwaka 1968, na sheria ya Kanisa Katoliki inaagiza kila maziko yaandikwe katika kitabu cha wafu. Vitabu hivyo vya parokia vinaweza kutaja majina ambayo misalaba ya miti imekwisha kuyapoteza.

Kwa hiyo nawageukia walimu na wanafunzi. Mtaala wa umilisi unawataka wanafunzi watoke darasani wakaitumikie jamii. Waende makaburini kwa idhini na kwa adabu, wayanakili majina yanayosomeka kabla mvua haijayafuta, kisha wayalinganishe na vitabu vya parokia na vya kaunti. Wawahoji wazee kuhusu wale wasio na mawe. Nakala moja ibaki shuleni, nyingine ipelekwe katika maktaba ya mji. Watakapoyasoma majina ya Kikikuyu, Kikalenjin, Kiluo, Kiluhya, Kihindi na Kizungu katika orodha moja, watakuwa wamejifunza jambo kuhusu Nakuru ambalo mwanasiasa wa majukwaani hatawaambia.