Nywila Iliyostaafu na Mkutubi

Mwanafunzi wangu mmoja, mwenyeji wa Lisekese wilayani Masasi, alikuwa akiandika tasnifu kuhusu ubwiriunga, ule ukungu unaounguza maua ya mikorosho. Akiwa likizo nyumbani, alitafuta makala ya mwaka 1997 katika jarida la Crop Protection kuhusu vikwazo na maendeleo ya uzalishaji wa korosho Tanzania. Miongoni mwa waandishi wake wamo Watanzania wa kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara. Simu ikamtaka alipe dola.

Hapo ndipo tunapozoea kumlaani mchapishaji, kisha tukanyamaza. Nami simtetei. Lakini tangu 2002 upo mpango wa HINARI kwa majarida ya afya, na tangu 2003 upo AGORA kwa kilimo. Yote sasa imo chini ya Research4Life. Tanzania imo katika kundi ambalo taasisi zake hazitozwi ada. Elsevier, mchapishaji wa jarida hilo, ni mshiriki. Na si vyuo pekee: vituo vya utafiti na ofisi za serikali nazo huweza kujiandikisha.

Chuo chetu kilijiandikisha zamani. Nywila ilitumwa kwa baruapepe binafsi ya mkutubi, mkutubi akastaafu, nywila ikastaafu naye. Maktaba ikanielekeza kitengo cha kompyuta, nacho kikanirudisha maktaba.

Wakubwa wetu hudhani maktaba ya kielektroniki ni kompyuta ishirini na utepe wa kukatwa na mgeni rasmi. Kumbe ni kazi ya mtu, ya kila siku: kujua jarida gani limo katika mkataba upi na kuanzia mwaka gani, kujaribu viungo kabla wanafunzi hawajalalamika, kubadili nywila inapovuja, kuhesabu matumizi kabla ya kuchangia usajili wa pamoja kupitia COTUL. Anayelipia bila kuhesabu ananunua mbuzi ndani ya gunia.

Ataniambia mwanaharakati kwamba cha bure ni sadaka, na mtoaji anaweza kuivuta. Ni kweli. Januari 2011 wachapishaji kadhaa waliziondolea taasisi za Bangladesh majarida yao ndani ya HINARI, wakayarudisha baada ya kelele kupigwa. Lakini kelele zilipigwa kwa kuwa palikuwa na watu waliokuwa wakiyasoma. Yakiondolewa kwetu usiku wa leo, nani atajua?

Ndugu mtumishi wa umma unayeandaa ikama na bajeti, weka nafasi moja ya mkutubi wa majarida ya kielektroniki, na uandikishaji ufanywe kwa anwani ya ofisi, si ya mtu. Halmashauri za Masasi na Newala nazo ziwaandikishe maofisa ugani wao, maana hao ndio wanaoulizwa na mkulima kiasi cha salfa.

Mwanafunzi wangu aliipata makala siku ya tisa. Alitumiwa na rafiki yake anayesoma Norway.