Goma ipande juu ama ibaki chini? Tuulize kwanza: kwa ajili ya nani?

Wandugu, vijana wenzetu wa Goma,

Katikati ya muji wetu, nyumba za mbao zinaondoka, nyumba za etaje zinapanda. Wamoja wanafurahi: njo maendeleo! Wengine wanaogopa: hapa ni kwa volkano, tujenge chini tu. Sisi tunaona pande zote mbili zinasahau kitu.

Tuanze na wale wa kujenga chini. Goma haina pa kupanukia. Kusini ni ziwa Kivu, mashariki ni mupaka wa Rwanda, kaskazini ni Nyiragongo na parki ya Virunga. Na vita vinatuletea wakimbizi kila mara. Kama katikati kila parseli inabeba nyumba moja ya chini, asiye na pesa ataenda wapi? Ataenda kujenga Buhene, kwa njia ya moto. Tarehe 22 Mei 2021 lava ilifika pale pale, ikakula nyumba za watu. Basi kujenga chini hakumulindi masikini. Kunamusukuma kwenye volkano.

Sasa wale wa etaje. Januari 2002 lava ilipita katikati ya muji, na leo tunajenga juu ya majiwe yake. Mwezi wa tano 2021 matetemeko yalipasua kuta na barabara, na tarehe 27 sehemu kubwa ya muji ikapewa amri ya kuhama. Kisha pale, nani alipima zile nyumba? Mu etaje ya sita isiyo na maji, mama atapandisha bidoni mara ngapi kwa siku? Na mupangaji wa Birere aliyefukuzwa ili etaje ijengwe, garanti ya dola ataitoa wapi?

Musimamo wetu ni huu: katikati ipande, lakini kwa kiasi na kwa sheria. Etaje tatu ama ine, zenye fondasio ya kweli na ngazi za kukimbilia, zinabeba watu wengi. Kwa hiyo tunadai:

– orodha ya ruhusa za kujenga ibandikwe wazi kwa ofisi ya meya;
– kila nyumba iliyopasuka ipimwe, na majibu yatangazwe;
– mupangaji yeyote asitolewe bila muda na bila pa kwenda;
– barabara za kukimbilia zisijengwe juu yake, hata kwa mukubwa.

Sheria ya mwaka 1973 inasema udongo ni mali ya Leta. Na Leta ni sisi wanainchi, haiko mwenye dola peke yake.

Wiki hii, kila mumoja aende kwa shefu wa kartiye yake, aulize: ile nyumba inayopanda, ruhusa yake iko wapi? Tuulize kwa heshima, lakini tuulize. Wakikataa kujibu, tutarudi tukiwa wengi.

Muji ni wetu. Hatutachoka.