Kilimo shadidi kipimwe kwanza majalubani



Siku hizi sisi wakulima wa mpunga wa Misungwi, Magu na Kwimba tunasikia sana habari za kilimo shadidi: miche michanga ya siku 8 hadi 12, mmoja mmoja kila shimo, nafasi ya sentimita 25 kwa 25, na shamba kuachwa likauke kidogo kabla ya kuingiziwa maji tena.

Sina ugomvi na njia hiyo. Ilianzia Madagaska miaka ya 1980, na kule Mkindo, Morogoro, imeongeza mavuno kwa maji machache. Tena jaluba lisilofurika muda wote hutoa methani kidogo, gesi inayoongeza joto duniani.

Lakini Mkindo wana mfereji. Sisi tuna mawingu. Majaluba ya Usukumani hutegemea mvua, na asiye na lango la maji hawezi kuamua lini shamba likauke. Maji yakipungua, magugu nayo hustawi. Vibarua wa palizi atawalipa nani? Ziwa Victoria tunaliona, ila pampu na mafuta yake ni gharama.

Watafiti wa kilimo wa TARI Ukiriguru wako hapa hapa Misungwi. Naomba upembuzi yakinifu ufanyike majalubani kwetu, msimu wa mvua nzuri na wa mvua haba, gharama zihesabiwe sambamba na magunia. Tukiiona faida kwa macho, hakuna atakayehitaji kutuitia semina.

Mkulima wa majaluba,
Misungwi, Mwanza.