Watoto waione Hifadhi ya Mto Ugalla

Karne ya 19, pembe za ndovu zilipita hapa Tabora mabegani mwa wapagazi wa Kinyamwezi zikienda Bagamoyo. Mwaka 2019, Pori la Akiba Ugalla lilifanywa Hifadhi ya Taifa. Hatua hiyo naiunga mkono. Lakini wazazi waliozoea kutundika mizinga humo kwa kibali sasa hawaruhusiwi, na wanafunzi wangu wanaijua hifadhi kwa neno moja tu: marufuku. Mtoto atalindaje asichokijua? Naomba TANAPA na halmashauri zetu wawapeleke watoto wa vijijini, japo mara moja kwa mwaka, waone kuwa miyombo ile ile ndiyo inayotunza tembo, mto na nyuki.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Tabora.