Shule ya Kikristo Haichukui Nafasi ya Mama

Mwezi huu tuzungumze juu ya watoto wetu walio katika shule za msingi za Kikristo, maana sokoni, kliniki hata mlangoni pa kanisa, swali ni lile lile: tumpeleke mtoto shule gani akue katika kumjua Mungu?

Swali hilo ni jema. Mama zetu wengi walifundishwa kusoma katika shule za misheni, hadi Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilipoziweka mikononi mwa serikali. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ikafungua tena mlango kwa mashirika ya dini, na leo mzazi mwenye uwezo ana pa kuchagua.

Lakini kuna mazoea yameingia ambayo hatuwezi kuyanyamazia. Mama akishalipa ada huona amemaliza kazi. Sala ya jioni imekufa nyumbani, na mtoto akiuliza jambo la Mungu huambiwa, "Kamwulize mwalimu wako." Sisi wauguzi tunaifahamu hali hii kwa sura nyingine. Yuko mama ambaye mtoto wake hakukosa chanjo hata moja, kadi imejaa tarehe, lakini tukimweka kwenye mizani mstari wa uzito umelala. Chanjo amepata, uji hakupata.

Mkumbukeni Hana. Alimpeleka Samweli Shilo akiwa mdogo, baada tu ya kumwachisha ziwa. Hata hivyo kila mwaka alipanda kwenda huko na kanzu ndogo aliyomshonea. Kanzu ya mwaka uliopita isingemtosha, kwa hiyo ilimlazimu mama yule ajue mwanawe amerefuka kiasi gani. Tena nyumba ile ya Bwana ndimo walimokuwa Hofni na Finehasi, wana wa kuhani, ambao mwenendo wao ulikuwa aibu tupu. Msalaba juu ya lango la shule hautoshi kumfanya mama alale usingizi.

Mwaka 2023 serikali ilitoa waraka wa kuzuia huduma ya bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne. Wapo wazazi walionung'unika. Sisi tulifurahi. Mtoto wa miaka 7 akiota ndoto mbaya humwita mama yake kabla hajakumbuka kumwita Mungu, na ni kwa mama huyo anapojifunza kwamba ukiita unasikiwa.

Jambo linalotusumbua zaidi ni hofu. Huletwa kwetu watoto wa madarasa ya chini wanaolalamika tumbo. Tunapima malaria, choo na mkojo, hatuoni kitu. Tukikaa nao taratibu, wengine hutoa yaliyo moyoni. Mmoja wa darasa la pili alikuwa halali tangu aliposikia darasani kwamba mwongo akifa usiku huo huo anaungua motoni. Naye alikuwa amedanganya juu ya penseli ya mwenzake. Kumbe hata nyumbani moto huo huo ulitumika kumfanya amalize mlenda! Hatukumpa dawa. Tulimwomba mama aende naye kuirudisha penseli, mtoto aombe radhi, kisha waombe pamoja sala fupi ya kushukuru kwa kusamehewa. Baada ya juma moja alikuwa analala vizuri. Mtoto lazima ajue dhambi ni nini, hilo hatupingi, lakini msamaha usichelewe kumfikia. Vivyo hivyo, mwalimu anayemwadhibu mchelewaji kwa kumnakilisha zaburi anamfundisha kuichukia.

Tuangalie pia maneno yetu. Mtoto mdogo huyachukua kama yalivyo. Ukimwambia bibi "amelala", usishangae akiogopa kufumba macho. Mwambie bibi amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, naye yuko mikononi mwa Mungu. Akifika darasa la tano maswali hubadilika: mbona tuliomba na bibi hakupona? Mbona rafiki yangu Mwislamu anafunga na anasali kuliko sisi? Hapa Majengo tunaishi mlango kwa mlango na Waislamu, basi swali hilo lisijibiwe kwa dharau. Kama hujui jibu, sema hujui, mkamwulize mchungaji pamoja.

Basi, mama, nenda shuleni hata siku isiyo ya kikao. Uliza nani anafundisha kipindi cha dini na alisomea wapi kazi hiyo. Uliza wanaadhibu namna gani. Uliza mtoto akianguka kifafa darasani wanafanya nini, kwa kuwa tumewahi kumpokea aliyeombewa wiki nyingi bila kufikishwa hospitali, na maombi hayajawahi kukataza vidonge.

Na jioni, dakika 10 zinatosha, mara baada ya kula, kabla vyombo havijaondolewa na usingizi haujawachukua wadogo. Baba naye akae. Mtoto ndiye aanze kuomba. Akiombea mbuzi wa jirani au mpira wake uliopasuka, msimcheke. Semeni amina, kisha mwingine aendelee.